Modeli ya kikundi ikizingua, uliza kwanza nani aliishika kabla yako

Wadau wa modeli, sisi tunaounganisha ndege na magari madogo ya plastiki, habari zenu, hasa nyie wa Mbeya, Iringa, Njombe mpaka kule Tukuyu. Sisi huku Mbeya tuko saba, na tangu mwaka jana tunajenga pamoja modeli ya uwanja mdogo wa ndege wa zamani, ule mtindo wa kabla uwanja wa Songwe haujafunguliwa 2012, ndege ilikuwa inatua humuhumu mjini. Tuna ndege ya Dakota moja, maana lile shirika la ndege la Afrika Mashariki lililovunjika 1977 lilikuwa nazo, tuna ndege ndogo ya Twin Otter moja, Land Rover mbili, watu kama ishirini na kilima cha nyuma. Kila mtu anajenga kwake halafu Jumamosi tunakutana mtaa wa Forest kwa mzee wetu mmoja tunaunganisha. Raha yake siwezi kuieleza nikaimaliza.

Ila matatizo yake siyo yale ya mtu anayejenga peke yake chumbani. Ukiwa peke yako unajua jana ulifanya nini. Kwenye kikundi bawa linakufikia limeshapita mikono mitatu, mmoja kakata kwenye fremu, ile miti ya plastiki inayoshika vipande vikitoka kiwandani, mwingine kagundisha, mwingine kapiga rangi ya chini, sasa tatizo linatokea mkononi mwako wakati lilizaliwa kwa mwenzako wiki mbili nyuma. Na ukianza kurekebisha pale unapoliona unaharibu zaidi. Kwa hiyo kabla hujagusa msasa uliza: hii imeoshwa? Imetumika gundi gani na lini? Rangi ya chini ni ya mafuta au ya maji, na ilipakwa siku gani? Siku hizi sisi kila kipande kinasafiri na kikaratasi kimebandikwa kwenye boksi lake, tarehe na kilichofanyika, basi. Kimetuokoa sana. Haya tuingie kwenye dalili zenyewe.

Rangi inatoka na tepu

Hii ndo iliyotuumiza kuliko zote. Bawa la Dakota, dada yetu wa Uyole alishalipiga rangi ya fedha safi kabisa, mimi nikapewa nichore mstari, nikaweka masking tepu jioni, asubuhi naivuta, rangi ikaja nayo kama ganda la nyanya iliyochemshwa, kipande cha upana wa kidole gumba. Nikakaa nacho kwenye dirisha nikakiangalia vizuri, na hapo ndo jibu lilipokuwa. Chini palikuwa na plastiki ya kijivu inang'aa, safi, hamna hata chembe ya rangi.

Sasa zingatia hapa. Plastiki ya chini ikiwa inang'aa hivyo, rangi haikuwahi kushika tangu mwanzo, yaani kulikuwa na mafuta. Kiwandani huwa kuna mafuta ya kusaidia plastiki itoke kwenye umbo, yanabaki juu ya vipande, halafu na vidole vyetu navyo vina mafuta. Lakini ukikuta rangi imechanika katikati, nusu imebaki chini na ukiigusa inanata au inabonyea kwa kucha, hapo tatizo siyo mafuta, haijakauka. Haya ni magonjwa mawili, dawa zake mbili, usichanganye.

Kwetu yalikuwa mafuta. Yeye alijua mimi nimeosha, mi nilijua ameosha yeye. Dawa ni kuosha fremu zote kabla ya kukata chochote, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, suuza, acha ikauke yenyewe juu ya taulo. Halafu praima, yaani ile rangi ya chini, kabla ya rangi. Na kama ndo imeshabanduka usipake rangi juu ya lile shimo, kingo zitaonekana milele, bandua yote iliyolegea kwa tepu hiyohiyo mpaka ifike sehemu ambayo haitoki tena, sugua kingo kwa msasa wa maji namba 1000 mpaka kidole kisisikie ngazi, osha, praima, rudia.

Kwa upande wa kutokauka, jamani Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli, rangi ya mafuta ambayo kopo linasema siku moja huku inaweza kutaka tatu, nne au zaidi. Usiamini kopo, amini pua. Isogeze puani, kama bado unasikia harufu ya thina bado haijakauka hata kama kwa kidole unaona imekauka. Mimi hii ya kunusa naifanya kila mara kabla ya tepu.

Na naomba hapa mnisikilize: usikaushe rangi kwa jiko la mkaa. Najua baridi ya huku, najua jiko linaingizwa ndani jioni, lakini mvuke wa thina unawaka na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu bila harufu. Sisi tuna boksi la mbao lenye balbu ya zamani ile ya kutoa joto, wati 40, ina tundu juu la kutoa hewa, na kipande hakiingii humo mpaka kimekaa nje kwenye hewa kwanza saa kadhaa thina ipungue. Joto la vuguvugu tu, ukiweka mkono unasikia raha.

Tepu nayo ina lawama kidogo, ile ya mafundi rangi wa magari inashika sana, ibandike kwanza kwenye suruali mara mbili tatu ipungue nguvu, na wakati wa kutoa ikunje ijirudie yenyewe ukiivuta chini chini taratibu, usiinue kwenda juu.

Rangi imeota ukungu mweupe

Mwenzetu mmoja yuko Tukuyu, kule Rungwe mvua mnazijua wenyewe, alileta mlango wa Land Rover ya kijani umekuwa kama umepakwa unga. Akahisi rangi mbovu. Haikuwa mbovu. Rangi ya kupuliza yenye thina kali ikigusa plastiki thina inaruka haraka, ikiruka inapoza uso wa kipande, na hewa ikiwa na unyevu mwingi ule unyevu unatua juu ya rangi kama unavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ndo ule weupe.

Usisugue. Subiri siku kavu, puliza tena rangi ileile koti jepesi lililolowa kidogo, au kama una airbrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi, puliza thina tupu ya rangi hiyo kwa mbali mara moja, mara nyingi weupe unapotea. Masika pulizeni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kukiwa na jua, na ukienda kwa wauza rangi za magari uliza thina inayokauka taratibu, watakuelewa.

Ila angalia weupe uko wapi! Kama uko kwenye vioo vya madirisha tu na pembeni ya maungio, huo siyo unyevu, hiyo ni supaglu. Mvuke wa supaglu unatua kwenye kioo na kukifanya cheupe, tena ukifunga mwili wa ndege kabla haijakauka vizuri unakuta madirisha yote ya ndani yameharibika na huwezi kuyafikia. Vioo gundisha kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya maji, inakauka inakuwa angavu. Kioo kilichokwisha kuharibika kama kiko nje kinasuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini, taratibu, kinarudi kwa kiasi.

Rangi inakwaruza kama msasa, au imekuwa kama ganda la chungwa

Ikiwa na vichembe vikavu ulisimama mbali, rangi ikakauka hewani kabla haijafika, na huku kuanzia mwezi wa saba upepo na vumbi vya Uyole vinaongezea. Sogea, sentimita 15 mpaka 20. Ikiwa na mawimbi ya ganda la chungwa rangi ilikuwa nzito au kopo la baridi, liweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu dakika chache kabla ya kupuliza, vuguvugu siyo ya kuchemka, kopo lina presha. Zote mbili ukishakosea acha ikauke kabisa, msasa wa maji 1500, rudia.

Mstari wa maungio umerudi baada ya wiki mbili

Hii inakatisha tamaa maana kazi ilikuwa imeshaisha. Mnafunga nusu mbili za mwili wa Dakota, mnajaza, mnasugua mpaka unapitisha kucha husikii kitu, rangi inapigwa, kila mtu anafurahi, halafu Jumamosi ya tatu mzee anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha anasema mbona kuna mfereji hapa mgongoni.

Sababu yake ni namna gundi ya plastiki inavyofanya kazi. Ile haibandiki kama gundi ya karatasi, inayeyusha plastiki ya pande zote mbili zinachanganyika zinakuwa kitu kimoja, halafu ile dawa iliyoyeyusha inatoka taratibu kwa siku nyingi. Ukisugua wakati bado iko ndani, plastiki imevimba kidogo, unaisawazisha ikiwa imevimba, ikishatoka yote plastiki inasinyaa na mfereji unarudi. Kwa hiyo hakuna aliyekosea kusugua, aliyekosea ni aliyepeleka kipande mapema. Yule wa kugundisha alimaliza Alhamisi, wa kusugua akaanza Ijumaa kwa sababu alikuwa na nafasi. Ndo maana nasema tarehe iandikwe.

Kanuni yetu sasa, gundi nyembamba ya kupitisha kwa brashi siku mbili kamili, na mahali ilipobanwa gundi nyingi ikatoka ute wiki nzima. Kama mna haraka kweli jazeni kwa supaglu, hiyo haisinyai hivyo, lakini isuguliwe siku hiyohiyo maana ikilala inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na msasa utakula plastiki ya pembeni uiache yenyewe imesimama. Pati ya tyubu ya mafundi bodi nayo inasinyaa ikikauka, paka nyembamba mara mbili badala ya mara moja nene.

Alama za vidole zilizoyeyuka kwenye plastiki ni jambo hilohilo, gundi ilikimbia chini ya kidole. Usipanguse! Ukipangusa unapaka uji. Iache siku mbili iwe ngumu ndo usugue.

Watu hawashiki gundi wala rangi

Tulipata watu wadogo kwenye boksi la zamani, wamechorwa vizuri ajabu, lakini gundi ya plastiki haiwashiki na rangi ukimkunja mkono inadondoka magamba. Kumbe ni plastiki tofauti. Modeli nyingi ni polistirini, lakini baadhi ya watu wa zamani walitengenezwa kwa polithini laini, ukoo wa mifuko na ndoo. Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote, kata kipande kidogo cha ziada kitumbukize kwenye glasi ya maji, kibonyeze chini kwanza kitoe mapovu. Polithini inaelea, polistirini inazama. Tulifanya hivi mezani watoto wa mzee wakiwa wamezunguka glasi, wakataka kujaribu kila kitu ndani ya nyumba.

Hao wa kuelea waoshe kwa sabuni, wapake koti la gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo kabla ya rangi ya maji, na miguu usitegemee gundi, toboa kwa sindano ya moto weka waya mwembamba uchome kwenye ardhi ya modeli.

Kilima kimeyeyuka

Kilima cha nyuma tulitaka kikae kama Loleza inavyoonekana ukiwa mjini. Kaka mmoja alikichonga wiki tatu kwa povu jeupe lile la kwenye boksi la TV, kikawa kizuri, akakileta. Mwenzetu akaona kinahitaji rangi ya chini, akachukua kopo la kupuliza. Tulisikia mlio kwanza, tsss kama mafuta kwenye kikaango, halafu mteremko wa mbele ukaanza kuzama wenyewe, mashimo yanafunguka, kwa dakika moja hivi ilikuwa imeisha. Yule kaka alikaa kimya muda mrefu. Na aliyepuliza hakujua, hakuna aliyemwambia kile kilima ndani ni povu maana juu kilishabandikwa karatasi sehemu sehemu.

Povu lile ni polistirini ileile ya modeli ila imejazwa hewa, thina ya kwenye kopo inaila kwa haraka sana, gundi ya plastiki inaila, supaglu nayo inaila. Kinachofaa ni gundi nyeupe na rangi za maji. Ukitaka lazima upulize funika kwanza povu lote kwa gundi nyeupe na karatasi au plasta, koti mbili, pasibaki tundu hata la sindano, na jaribu kwenye kipande cha pembeni. Kilichoyeyuka usikitupe. Sisi tulikata sehemu iliyokufa kwa wembe, tukajaza kwa karatasi iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe, na ule ubovu ukawa korongo, kaka mwenyewe ndo aliyelichonga tena na sasa ni sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Wakati tuko hapa, ubao wa chini ukipinda ni kwa sababu umepaka gundi na plasta upande mmoja, vikikauka vinavuta. Tumia plaiwudi ya milimita 9 na upake rangi chini pia.

Vikikutana mezani haviendani

Kila kipande ni kizuri kivyake, pamoja vinagomba. Sababu ya kwanza ni vipimo. Sisi tulisema 1/72, yaani kila kitu kiwe kidogo mara 72 kuliko cha kweli, lakini mmoja alileta gari la 1/76 na mwingine watu wa 1/87 wa treni, wote wakaona ni karibu karibu. Chukua mtu wa sentimita 170: kwa 1/72 ana milimita 24 hivi, kwa 1/76 ana 22, kwa 1/87 hafiki 20. Tofauti ya 72 na 76 jicho linavumilia, gari la mita nne linatofautiana milimita tatu tu. Ila 87 akisimama mlangoni mwa Dakota anaonekana mtoto wa shule. Tuliwapeleka nyuma kabisa chini ya kilima, wakasaidia kilima kionekane mbali, wamekaa vizuri sana pale. Lakini wa mbele wawe wa kipimo kimoja, na ukipokea boksi soma namba yake kabla hujafungua.

Sababu ya pili ni rangi. Makopo mawili yenye jina moja yanaweza kutofautiana, na rangi ileile juu ya praima nyeusi na juu ya nyeupe ni rangi mbili. Tukubaliane praima moja, na rangi ya vitu vinavyokaa jirani ichanganywe chupa moja igawiwe kwa kila mtu, kidogo ibaki kwa mzee kwa ajili ya marekebisho. Vumbi la mwisho la ule udongo wetu mwekundu apake mtu mmoja siku moja juu ya kila kitu, hilo ndo linaunganisha kazi za mikono saba.

Stika zinang'aa pembeni kama zina hewa

Zina hewa kweli. Uso wa rangi mati, ile isiyong'aa, una vishimo, stika ya maji inakaa juu yake na hewa chini. Piga vanishi ya glosi, ile inayong'aa, kwanza, weka stika, halafu mati mwishoni. Kwa iliyokwisha kukaa itoboe toboe kwa ncha ya sindano, gusa kwa brashi yenye siki na maji, bonyeza na kitambaa chenye unyevu, rudia kesho.

Twin Otter inakaa mkia

Dakota inakalia mkia kwa asili yake, msihangaike nayo. Twin Otter ina gurudumu la mbele kwa hiyo inahitaji uzito puani, na hilo lifanyike kabla mwili haujafungwa, anayefunga amwulize anayetengeneza magurudumu. Sisi tunatumia chubwi za wavuvi kutoka Matema. Jaribu uzito kwa tepu kwanza, ongeza kidogo juu ya unaotosha maana rangi na injini zitakuja. Chubwi ni risasi, osha mikono ukimaliza, na kamwe usizigandishe kwa gundi nyeupe. Risasi na gundi nyeupe vikifungiwa pamoja vinaota kutu nyeupe inayovimba, baada ya muda pua inapasuka. Tumia supaglu au gundi ya tyubu mbili ya kuchanganya.

Na kama mwili umeshafungwa na kupakwa rangi, usiupasue. Weka waya mwembamba kutoka gurudumu la mbele uingie kwenye ubao, ndege haitoki pale tena na hakuna atakayeuona.

Imefika imevunjika

Mwenzetu wa Iringa anatuma kwa basi, matuta ya njiani mnayajua. Zamani vilikuwa vinafika antena na miguu ya ndege viko chini ya boksi. Sasa antena, milango, propela na miguu haviungwi huko, vinakuja kwenye kiberiti vyenye namba na vinaungwa Forest. Bawa la Dakota kwa 1/72 ni kama sentimita 40 ncha hadi ncha, boksi liwe na nafasi ya vidole vinne kila upande, na usijaze magazeti yaliyokunjwa maana yanabonyea upande mmoja na kusugua rangi. Funga mwili tu kwa kitambaa laini, uufunge kwenye kadibodi kwa uzi mahali penye mizizi ya mabawa ambapo ndo pana nguvu, mabawa yaning'inie hewani yasiguse kitu. Ile ya mwisho alituma hivyo, tukafungua Jumamosi na ilikuwa haina mkwaruzo.